Pini Mdomoni

Nyumbani walimwita Kasuku, na yeye mwenyewe hakuona ubaya. Kuna watoto wamepewa majina mabaya zaidi kwa makosa madogo zaidi. Kosa lake lilikuwa moja tu: akikusikia ukiongea mara mbili, mara ya tatu unajisikia wewe mwenyewe kutoka kinywani mwake, kikohozi chako kikiwemo.

Mambo yalianza kwa ugonjwa. Alikuwa mdogo, akapatwa na surua, akalazwa chumba cha nyuma na dirisha likafunikwa shuka kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Mtoto asiyeweza kutazama kitu atafanya nini? Akasikiliza. Nyuma ya ukuta kilikuwepo chumba cha mbele, alikofanyia kazi mama yake, fundi cherehani, na huko kutwa nzima wanawake waliingia na kutoka, wakilalamikia mikono ya magauni, wakisemana, wakicheka. Siku moja mama aliingia na kikombe cha chai, akamkuta mteja wa asubuhi ile, ambaye alishaondoka kitambo, anazungumza chini ya blanketi: "Fundi, nimenenepa mimi au nguo ndiyo imesinyaa? Sema ukweli, lakini usiuseme wote." Chai ikamwagika. Kisha mama akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi. Mtoto akishamchekesha mama yake namna ile, kicheko hicho atakitafuta miaka na miaka.

Wenzake walipofika umri wa kupenda vitu, mmoja alipenda mpira mpaka viatu vikawa vinacheka, mwingine akapenda kuchora, mwingine akapenda kupendwa. Yeye akakusanya sauti. Na asikudanganye mtu kwamba ni kazi ya kupayuka tu. Alikuwa na utaratibu wake, aliouvumbua mwenyewe na kuushika kwa ukaidi. Hakuanza na mdomo. Alianza na mabega, maana mabega ya mtu husema kama amezoea kusikilizwa au kukatizwa. Akitoka hapo, pumzi: huyu anaivutia wapi, kifuani au puani, kabla ya neno au baada yake. Halafu mikono. Ukishavipata hivyo vitatu, alisema, sauti inakuja yenyewe, huna haja ya kuibembeleza.

Jioni, wakiwa mezani, baba yake angesukuma sahani kando na kusema, "Haya, Kasuku, tuletee mgeni." Baba alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na hayo machache nusu yake yalikuwa utani. Kasuku alifumba macho, akashusha bega moja, akatamka jambo. "Nani huyo?" baba angeuliza, na mama angewahi, "Jirani wa pale kona, yule wa miwani!" Walishindana kama wanacheza karata. Mwisho wa mchezo walikuwa wameshatembelewa na mtaa mzima, na viti vilivyokaliwa ni vitatu.

Pengine yangeishia hapo mezani, lau si zile pini.

Mama yake alikuwa na mtindo wa kubana pini midomoni anapobandika nguo mwilini mwa mteja. Kimto cha pini alikuwa nacho, kizuri, alikivaa mkononi mahali pa saa, lakini midomo ilikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo alizoea kuongea kwa pembe ya mdomo, maneno mafupi yaliyobanwa, na wateja wake waliompigia simu walizoea kumsikia hivyo. Sauti ile iliwatuliza. Iliwaambia fundi yuko kazini, na huenda nguo iliyoko mikononi mwake ni yao.

Simu ikiita na mama hana nafasi, alimfanyia binti yake ishara kwa kidevu: pokea. Mwanzoni Kasuku alipokea kama watoto wanavyopokea. "Mama ana kazi." Wateja wakawa wakali. Walimtaka fundi, hawakumtaka mtoto. Siku moja, kwa kuchoka kufokewa, alibana midomo akajibu kwa pembe: "Njoo Ijumaa. Bado kupiga pasi." Mteja akasema asante fundi, akakata. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la mtu, pini zimejaa midomoni, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko kisichokuwa na pa kutokea.

Tangu hapo ikawa kazi yake. Hakuna aliyekaa chini kujiuliza kama ni sawa. Wateja waliridhika, mama alishona, simu haikuita bure. Mwenye duka moja la dawa, ambaye hakuwahi kufika pale mwenyewe bali alimtuma mjumbe na makoti meupe ya wafanyakazi wake na kumalizia mengine yote kwa simu, alikuwa akimsifu fundi kwa watu kwamba ni mwanamke mwenye adabu kwenye mazungumzo. Sifa hizo zilipofika nyumbani, mama na binti walitazamana tu.

Shuleni nako Kasuku alikuwa mtu wa watu. "Kasuku, tufanyie mkuu wa shule. Tufanyie yule wa hesabu akitafuta chaki aliyoishika." Aliwafanyia. Walivunjika mbavu. Lakini akiwa sasa msichana mkubwa, alianza kuona jambo ambalo halikumpendeza: aliitwa palipohitajika mtu mwingine. Wakitaka kukaa tu na kupiga soga, walikaa bila yeye. Na akikaa nao akanyamaza, walimngoja aanze.

Wiki ile mwalimu wa maigizo alikuwa akitafuta msimulizi wa mchezo wao, mtu atakayesimama pembeni mwa jukwaa bila vazi lolote la kuigizia na kuzungumza na watazamaji. Kasuku alijitokeza kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Alisoma ule mstari wa kwanza kwa sauti ya mtangazaji wa habari, wakapiga makofi. Akausoma kwa sauti ya mwalimu mwenyewe, wakalia kwa kucheka, na mwalimu naye akacheka.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Sasa wewe."

Kasuku alifungua mdomo. Mabega hayakujua yakae wapi. Alitafuta pumzi, akakuta haijui inavutiwa wapi. Sauti iliyotoka ilibanwa, ikatokea kwa pembe ya mdomo.

"Na huyu ni nani?"

"Mama."

Darasa lilicheka, ila mwalimu hakucheka. Hakuwa na ubaya, mama wa watu, aliuliza kwa kutaka kujua: "Na wewe mwenyewe uko wapi hapo katikati?" Kisha akasema, "Jumatatu uje unisomee tena. Usijitayarishe sana."

Alifika nyumbani, akajifungia bafuni, akasimama mbele ya kioo kidogo cha kunyolea cha baba yake. "Mimi," alisema. Ikatoka kama jirani wa miwani. "Mimi." Ikatoka kama baba. Alijaribu kulegeza mabega, akajaribu kuyakaza, akajaribu kutofanya lolote, na hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Aliogopa. Tuseme wazi, aliogopa sana, hofu ya mtu aliyefungua kabati lake akakuta nguo zote za kuazima.

Na tukitaja kabati, hapa lazima nirudi nyuma kidogo.

Mama yake alikuwa na dada, mkubwa kwake, msusi, mwanamke wa kuongea kutwa nzima juu ya vichwa vya watu mpaka sauti imekwaruza. Kabla hajasema neno huvuta pumzi kwa ndani, fyuu, kama anayeonja kitu cha moto, na kila sentensi huimalizia kwa kicheko hata pasipo cha kuchekesha. Kasuku alimpenda mama mkubwa huyo kuliko sauti zote alizokuwa nazo. Lakini ulikuwa mwaka wa tatu sasa hajakanyaga pale.

Bibi ndiye aliyekuwa chanzo, maskini, naye hakufanya lolote ila kufa. Alifia nyumbani kwa binti mkubwa aliyemuuguza. Yule mdogo, fundi cherehani, alisafiri, akazika, akarudi kwake. Alipokwenda tena baada ya msiba kupoa, alifungua kabati la mama yake ili achukue kitu kimoja, chochote, akakuta mbao tupu. Dada alikuwa amegawa kila kitu: magauni, sweta, vitambaa vya kichwa, hadi kandambili. Baadhi ya nguo zile yeye fundi alizishona kwa mkono wake. Aliuliza kwa nini, akaambiwa, "Nilikuwa nasafisha nyumba." Alifunga lile kabati taratibu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Jina la dada halikutajwa tena mezani, na namba yake ikafutwa kwenye simu. Katika ule mchezo wa wageni kulikuwa na wageni wawili ambao hawakuletwa kabisa. Mmoja alikuwa dada huyo, wa pili alikuwa bibi.

Sasa tuje siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mama alikuwa nyuma ya pazia la kupimia na bi harusi mmoja asiyejua anataka nini, pini midomoni, na simu ikaita juu ya meza ya kukatia. Namba haikuwa na jina. Kidevu cha mama kikajitokeza kwenye upenyo wa pazia: pokea. Kasuku aliichukua, akatoka nayo uani ili mlio wa cherehani ya msichana aliyemsaidia mama siku za kazi usimsumbue, akabana midomo.

"Haloo."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi kwa ndani. Fyuu. Kasuku alimjua kabla ya neno.

"Mdogo wangu, usikate. Nakuomba. Ukikata leo sitapata tena moyo wa kupiga."

Hapo angeweza kusema, mama mkubwa, ni mimi, shikamoo. Alitaka kusema. Lakini yule wa kule hakuacha mwanya, maneno yalikuwa yamesubiri muda mrefu na sasa yalisukumana mlangoni.

"Zile nguo za mama. Nilikwambia nilikuwa nasafisha nyumba, nilikudanganya. Nilikuwa nikipita mbele ya kabati lile nasikia harufu yake, miguu inaisha nguvu. Sili, silali. Asubuhi moja nikaamka nikasema zikibaki humu, mimi sitabaki. Nikazitoa zote. Sikukuwaza, mdogo wangu. Ndiyo ukweli wenyewe, sikukuwaza hata kidogo. Nilikuja kukukumbuka siku ile uliposimama pale kabati liko wazi. Na badala ya kukuomba radhi nikajifanya hodari. Nisamehe."

Hakucheka mwishoni. Kwa mtu mwingine hilo lingepita, lakini Kasuku alikuwa amekaa na sauti ile tangu utotoni, na kukosekana kwa kile kicheko kulimchoma.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, cha kumtosha mtu mwaminifu. Kasuku hakukitumia. Alimtaka mama mkubwa wake arudi. Alijua jibu jema lingesikikaje, na sauti ya kulitamka ilikuwa tayari iko mdomoni, imebanwa, inangoja.

"Yameisha, dada," alisema kwa pembe ya mdomo.

Mama mkubwa alilia. Alilia kwa sauti, akasema asante, akamtaja Mungu, akauliza kama anaweza kuja Jumapili. Na Kasuku akajibu kama alivyowajibu wateja siku zote: "Njoo."

Alirudi ndani, akaiweka simu mezani. "Nani huyo?" mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Mteja," alisema Kasuku.

Jioni ile baba alisukuma sahani kando. "Haya, tuletee mgeni."

"Leo hakuna."

"Kasuku amenyimwa mtama," alisema baba, akacheka peke yake, kisha akamtazama vizuri na kuacha kucheka.

Usiku haukumfaa kitu. Asubuhi ya Jumamosi alimkuta mama anafumua mshono wa bi harusi, ambaye hatimaye alijua anachotaka, na hakikuwa kile kilichoshonwa. Kasuku alikaa kwenye kigoda mbele yake, akamwaga yote. Hakupunguza. Mama alisikiliza wembe ukiwa umesimama hewani.

"Nisemee alivyosema," alisema mama.

"Mama..."

"Kama alivyosema. Unaweza."

Kasuku alifumba macho, akalegeza mabega, akavuta pumzi kwa ndani, fyuu, na dada akaingia chumbani baada ya miaka yote ile. Aliyasema maneno yote, harufu, miguu, sikukuwaza hata kidogo, na mahali pale mwishoni palipokosa kicheko akapaacha vilevile. Alipofumbua macho mama alikuwa ameuweka wembe chini na kushika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili.

"Na mimi nikajibu nini?"

"Ulisema... nilisema yameisha."

"Hayajaisha," alisema mama.

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Nguo za mama yangu ziligawiwa bila mimi kuulizwa. Na sasa msamaha wangu nao umegawiwa bila mimi kuulizwa. Mnafanana, wewe na yeye. Mpigie. Mwambie ukweli leo hii, asije hapa kesho na mkoba wa zawadi akidhani tumepatana."

"Nimpigie kwa..." Kasuku alianza, na hata yeye alisikia upumbavu wa swali lile kabla halijaisha.

"Kwa sauti yako," alisema mama. "Kama unayo."

Neno likishatoka limetoka. Mama alilisikia mwenyewe, uso ukamshuka, akanyoosha mkono kama wa kulishika lirudi. Kisha mkono ukaenda kwenye kimto, ukachomoa pini, ukazitia midomoni moja baada ya nyingine, na akainamia gauni. Kasuku alitazama. Gauni lilikuwa la kufumuliwa, hapakuwa na chochote cha kubandika. Na akiwa vile, na machozi yakimlenga, lile jicho lake la miaka mingi liliona kitu ambacho halikuwahi kukiona: mama hakubana pini kwa ajili ya nguo tu. Alizibana pia siku aliyorudi kutoka mkutano wa wazazi shuleni, hana nguo yoyote mbele yake. Alizibana wiki nzima aliporudi kutoka kwenye kabati lile. Na yeye, binti yake, miaka yote alikuwa amejifunza kuiga sauti ya mtu aliyefunga mdomo asiseme.

Alitoka uani, akasimama kando ya kamba ya nguo, akapiga ile namba ya jana isiyo na jina.

"Haloo, mdogo wangu?"

"Mimi."

"Siyo mdogo wangu huyu. Wewe nani?"

Mama mkubwa hakumtambua, na angemtambuaje? Alimsikia mara ngapi akiongea kwa sauti yake mwenyewe? Kasuku alishika kamba ya nguo kwa mkono mwingine. Hakupanga mabega. Hakukuwa na muda wa kuyapanga.

"Mtoto wa mdogo wako. Kasuku. Shikamoo, mama mkubwa. Jana hukuongea na mama. Uliongea na mimi."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini kidogo kuliko alivyodhani, na kila mwanzo wa sentensi ilikwama kabla ya kwenda. Haikuwa na cha kuchekesha. Aliisikia akaishangaa, lakini hakuwa na nafasi ya kuitazama.

"Kwa hiyo yeye hajasema," alisema mama mkubwa.

"Hajasema. Amesema hayajaisha."

"Na wewe ulinijibu vile kwa nini, mwanangu? Nilikukosea nini?"

"Nilitaka urudi," alisema Kasuku, akaanza kulia. "Samahani. Nilitaka urudi tu."

Pumzi kwa ndani. Fyuu. "Kesho nitakuja hivyo hivyo. Usimwambie aniandalie neno lolote. Asiponisamehe basi, lakini nataka anisikie nikiyasema mbele yake, siyo kwenye simu. Nilipiga simu kwa woga, ona sasa nilichokipata."

Jumapili baba alikumbuka friji ya mtu. Hakuna aliyemkumbusha, aliikumbuka mwenyewe mara tu alipoona shemeji yake anavuka barabara, akachukua mkoba wa vifaa na kumwamkia mlangoni huku mguu mmoja uko nje. Mwanamume yule aliwahi kusimama juu ya ngazi mvua ikinyesha na waya mkononi, lakini dada wawili chumba kimoja kilimshinda.

Mama alikuwa amesimama mbele ya ile sanamu ya kuvalisha nguo, gauni la bi harusi juu yake, pini midomoni. Dada aliingia bila mkoba wa zawadi. Alikuwa amekonda. Alisimama katikati ya chumba na kuyasema yote tena, safari hii vibaya zaidi, akirudia rudia, akichanganya mwanzo na mwisho, mara akajitetea, mara akajilaani. Mama hakugeuka. Alichomoa pini moja, akabandika, akachomoa nyingine, akabandika, mpaka kiuno cha gauni kikawa kinang'aa pini ambazo hazikuwa na kazi. Dada alipofika mwisho, aliachia mikono ikaning'inia.

Ndipo mama akafanya alichozoea kufanya. Aligeuza uso kidogo kumwelekea Kasuku, aliyesimama penye pazia, akamwonyesha kwa kidevu. Mjibu.

Kasuku angeweza. Lazima niseme hivyo kwa haki yake. Alikuwa na sauti ya mama ya hasira na ya huruma, zote mbili kamili. Na alikuwa na nyingine pia, ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya mtu tangu msiba: ya bibi mwenyewe, na namna yake ya kuyavuta majina ya binti zake alipotaka waache ugomvi. Neno moja tu kwa sauti ile na wote wawili wangeanguka chini kulia. Alilijua neno lenyewe. Lilifika kooni.

Akalimeza.

"Mama," alisema, "toa pini."

Iliyotoka ni ile ya jana ya penye kamba ya nguo, ya chini, yenye kukwama mwanzoni. Mama aligeuka mzima mzima, akatazama mlangoni kwanza, kama kuna mtu aliyeingia bila kubisha hodi, kisha ndipo akamtazama binti yake. Mkono ukapanda midomoni. Akatoa pini moja akaichoma kwenye kimto, akatoa ya pili, akatoa mpaka ya mwisho, midomo ikabaki mitupu.

"Kitambaa cha kichwa tu, dada," alisema. "Kimoja. Hata kilichochanika."

"Sikukuachia hata kimoja," alisema dada.

"Nilitaka kunusa. Nilisafiri njia yote ile nikijua nitanusa."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua, mdogo wangu."

"Basi kaa. Usisimame kama mteja."

Dada akakaa kwenye kigoda, na mama akakaa kwenye kiti cha cherehani, magoti yao karibu kugusana, wakaanza kusema. Hayakuwa mazungumzo mazuri. Walikatizana, wakatupiana ya utotoni, mmoja akasema wewe siku zote, mwingine akasema na wewe je. Kasuku alisikiliza kutoka penye pazia. Sauti ya mama ilikuwa pana, ikapanda na kushuka, ikapasuka katikati ya maneno. Hakuwahi kuiiga hiyo, kwa sababu hakuwahi kukutana nayo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukusanya hakutaka kuichukua. Alitaka iendelee tu kuwa ya mwenyewe.

Simu ikaita mezani. Dada wale hawakuisikia. Kasuku aliichukua akatoka nayo uani, na mazoea ni mazoea: midomo ilishaanza kubanana kabla hajafika kwenye kamba ya nguo. Akailegeza.

"Haloo."

"Fundi?" Alikuwa mwenye duka la dawa, hata Jumapili hapumziki. "Nilikuwa naulizia yale makoti."

"Fundi ana mgeni. Yuko na dada yake. Piga kesho, tafadhali."

"Aa, sawa, sawa. Na wewe ni nani?"

"Mtoto wake."

Mwenye duka aliguna, kama anayehesabu kitu kichwani.

"Mtoto? Miaka yote hii napiga namba hii, nikiongea naye vizuri kabisa, sikujua hata siku moja kama fundi ana mtoto."

Ndani, mama alikuwa akilia kwa sauti yake yote, na mtu mwingine akilia naye.

"Anaye," alisema Kasuku.